Mama Aliwaambia Tuko Tisa

Haya jamani, hamjambo. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni. Huyu kijana mshereheshaji amesoma wasifu wangu mrefu mpaka nikageuka nitazame nani anaingia, kumbe ni mimi. Miaka zaidi ya thelathini ya kutafiti uhamaji na maendeleo, amesema. Sawa, siwezi kukataa, nywele zenyewe mnaziona. Ila ukiyaweka pembeni yale makaratasi, kazi yangu ilikuwa moja tu, kubisha hodi kwa mtu nisiyemjua, kupewa kiti ambacho mwenyewe amekikalia, halafu kumuuliza: hapa mko wangapi? Leo nataka nizungumze juu ya hilo swali maana nimelikosea kwa muda mrefu sana, na nyie ndo mnaanza kulibeba.

Nitaongea Kiswahili. Najua kule Kampala wapo ambao wakisikia Kiswahili roho inaruka, wanakumbuka wanajeshi kwenye rodibloku na wezi wa usiku, na siwalaumu, walikisikia mara ya kwanza kwenye mdomo wa mtu mwenye bunduki. Lakini sisi wa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tumelelewa nacho, baba yangu alikuwa mwanajeshi na kwenye kambi hakuna mtoto aliyekuuliza wewe kabila gani, mlicheza kwa Kiswahili mkapigana kwa Kiswahili, hiki hiki chetu kibovu ambacho Mzanzibari akikisikia anashika kichwa. Na kwenye kazi kimenilisha kuliko Kiingereza. Kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi kusini-magharibi, ukiongea Kiingereza na Mkongo utapata majibu ya ofisini, ukiongea Kiswahili utapata maneno.

Haya. Tulikimbia mwezi wa kumi mwaka 1980. Amin alikuwa ameshaanguka mwaka uliotangulia, halafu wanajeshi wake wa zamani wakarudi kushambulia kutoka ng'ambo, na jeshi jipya lilipokuja kulipiza halikuchagua nani askari nani raia. Waliobaki waliona mambo, wa Ombaci hapa mnajua Juni 1981 kilichotokea misheni, sitaki kukieleza leo. Sisi tulivuka Vurra tukaingia Zaire, tukafika upande wa Aru, mama na godoro moja na sufuria mbili zimevaliana na mimi nimebeba mwiko, yaani nilipewa mwiko kama ndo kitu cha thamani.

Baada ya wiki kadhaa akaja mzungu na karatasi na mkalimani. Akamuuliza mama, mko wangapi hapa? Mama akasema tisa. Mimi nilikuwa nimeshajua kuhesabu, nikahesabu kwa vidole nikapata saba, nikafungua mdomo nisahihishe, mama akanikanyaga mguu. Hakunitazama hata, alikanyaga tu huku anamtazama mzungu usoni. Mzungu akaandika tisa. Nikakua nikijua mama yangu alidanganya kwa ajili ya posho ya chakula, na sikuona aibu maana njaa ni njaa, lakini nilijua ni uongo, na baadaye nilipokuwa mtafiti nikawa hodari sana wa kukamata uongo wa aina hiyo. Nikiona sufuria ndogo na jibu kubwa nauliza tena. Nikiona mikeka mitatu na watu kumi nauliza kila mmoja analala wapi. Nilisifiwa kwa hilo jamani, data za huyu dada ni safi.

Tulirudi, nikasoma, nikafika Makerere. Sasa hapo niwaambie kitu ambacho wanafunzi wengi hawajui, wanadhani masomo ya uhamaji yalikuja na mashirika na magari meupe. Yale mambo yalikuwa Makerere tangu zamani. Mwaka 1950 mama mmoja Mwingereza, Audrey Richards, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii pale juu, na kazi kubwa waliyoifanya ilikuwa juu ya vibarua waliokuwa wanamiminika Buganda kutoka Rwanda na Burundi kulima pamba na kahawa kwenye mashamba ya watu. Wakati huo hakuna aliyewaita wakimbizi, walikuwa watu wa kazi. Halafu 1959 Rwanda ikawaka, watu wa nchi ileile wakavuka mpaka uleule, wakapelekwa Nakivale, na sasa wakaitwa wakimbizi. Jina lilibadilika, njia ilikuwa ileile. Na kabla yao tulishapokea hata Wapolandi wakati wa vita ya pili ya dunia, elfu kadhaa, wengine Koja kando ya ziwa na wengine Nyabyeya kule Masindi, kanisa walilojenga lipo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia Uganda imeanza kupokea wageni juzi mwambie akatembee kidogo.

Babu yangu mimi alikata miwa Kakira. Wengi wa hapa mna babu wa Kakira au wa Lugazi, si ndiyo? Naona vichwa vinatikisika. Waingereza waliifanya West Nile kama stoo ya vibarua na askari, pamba na miwa ikalimwa kusini na mikono ikatoka huku. Niliposoma darasani ile nadharia ya Harris na Todaro ya mwaka 1970, kwamba mtu wa kijijini anaenda mjini kwa kupiga hesabu ya mshahara anaotarajia mara uwezekano wa kuupata, nilifurahi maana walikuwa wanaongelea miji yetu hii ya Afrika Mashariki, lakini nilibaki na swali moja dogo. Babu hakupiga hesabu peke yake. Hesabu ilipigwa na baba yake na wajomba na kodi ya kichwa, na pesa ya kwanza aliyotuma ililipa mahari ya kaka yake, si yake. Nikamuuliza mwalimu, akanijibu kwamba hilo ni suala la kitamaduni. Nikaandika kwenye daftari, suala la kitamaduni, nikalipigia mstari. Ningekuwa na akili ningeshika hapo hapo.

Kazi yangu ya kwanza ya utafiti nilikuwa msaidizi kwenye mradi wa watu wa nje, siwataji, wengine wamezeeka. Nililipwa kwa siku. Mimi ndo niliyekuwa naongea na watu, natafsiri, naandika usiku kwa taa ya mafuta, natumia siku tatu kumbembeleza mzee mmoja akubali kuongea juu ya ardhi, wao wanakuja wiki mbili wanapiga picha wanaondoka. Kitabu kilipotoka baada ya miaka nikakitafuta, nikafungua nyuma kwenye shukrani, nikajikuta kwenye sentensi moja na madereva, na jina limekosewa herufi mbili. Madereva sina neno nao, wale walituokoa kwenye matope mara ngapi. Lakini ile sentensi imenikaa. Nikiwaambia vijana wangu andikeni majina ya wasaidizi wenu mbele, siyo nyuma, wanadhani ni ustaarabu tu, kumbe ni kidonda.

Kuna mmoja wa wale wageni namheshimu nimtaje, Barbara Harrell-Bond, marehemu sasa, alifariki 2018. Mwaka 1982 alianzisha Oxford kituo cha masomo ya wakimbizi, na utafiti wake uliojulikana duniani ulikuwa juu ya nani? Ulikuwa juu yetu, watu wa West Nile waliokimbilia Sudan, kule Yei. Yeye aliona kitu ambacho wengi hawakutaka kukisikia, kwamba kuna wakimbizi wengi waliokaa nje ya kambi, wanajitegemea kati ya wenyeji, wakati misaada yote inatazama kambi, na kwamba ule msaada wenyewe unaweza kumfanya mtu mzima aonekane mtoto. Baadaye akaja Kampala akafundisha, na mradi wa sheria wa wakimbizi pale kitivo cha sheria Makerere ukazaliwa 1999. Alikuwa mkali huyo mama. Lakini alisikiliza.

Sasa nije kwenye daftari, maana ndo nililotaka kuwaambia tangu asubuhi.

Nilikuwa Nakivale, pale Base Camp, na dodoso langu la kurasa kumi na mbili. Nikaingia kwa mama mmoja wa Kivu, muuza bitenge na samaki wakavu, kajumba ka udongo, turubai juu, nje mtoto anakuna mahindi. Nikamuuliza, mama, hapa mko wangapi? Akasema kumi na mmoja. Nikatazama, mikeka miwili. Nikajisemea haya, tumeanza. Nikamwambia mama yangu, dodoso linataka wale wanaolala hapa na kula chungu kimoja. Akasema ndiyo, chungu kimoja, kumi na mmoja. Nikamuuliza mara ya tatu, kwa ile sauti yetu ya upole ya watafiti ambayo ni matusi tu yamepakwa asali. Akanyamaza, akainuka, akachomoa chini ya mto daftari gumu lenye mgongo mwekundu, hizi za dukani, limefungwa na raba ya ndani ya baiskeli. Akaniwekea mapajani, akasema, njo usome.

Nikasoma. Kila ukurasa jina. Ukurasa wa binti yake yuko Katwe Kampala anatembeza bitenge nyumba kwa nyumba, bitenge vyenyewe vinatoka kwa huyu mama, na pesa inarudi kwa simu kila Ijumaa, imeandikwa tarehe na kiasi na hata makato ya kutoa kwa wakala. Ukurasa wa shemeji yuko Nairobi fundi cherehani, huyu analipa ada ya mtoto mmoja aliyelala hapa Nakivale, lakini mtoto wa huyo shemeji anaishi hapa vilevile na analishwa hapa, kwa hiyo kuna mistari ya kukatana. Ukurasa wa mama yake mzazi, Goma, dawa ya presha. Ukurasa wa kijana aliyevuka kurudi upande wa Congo kulima msimu mmoja maana kiwanja alichopewa hapa hakitoshi, atarudi na maharage magunia mawili, na yale magunia mawili yameshaandikwa na yameshakopewa. Nyuma kabisa likelemba, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, akina mama kumi na wawili, kila wiki mmoja anapokea, na wawili kati yao hawapo Nakivale kabisa. Nilihesabu majina ya nyumba yake. Kumi na moja.

Sikujua niandike nini. Dodoso lilikuwa na kisanduku kimoja tu cha namba, cha tarakimu mbili. Niliandika tano, waliolala. Nikarudi Mbarara usiku ule sikulala vizuri, siyo kwa sababu ya mbu.

Likizo nikaja Arua nikamkuta mama anachagua maharage. Nikamuuliza kama utani, mama, unakumbuka kule Aru ulimwambia mzungu tuko tisa? Nani wengine wawili? Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. Akasema mjomba wako aliyekuwa Kakira na kaka yako aliyekuwa Ariwara, wewe umesoma mpaka umesahau kuhesabu. Mjomba alikuwa anatuma pesa kila alipopata mtu wa kumwamini, na kaka alikuwa anabeba mizigo soko la Ariwara, anakuja Jumamosi na muhogo na samaki, anakula, anaondoka. Nikamuuliza mbona ulinikanyaga? Akasema ungewatoa, na siku wakirudi wangekula wapi?

Basi. Hapo ndo nilijua digrii tatu zimenipita pembeni.

Huyo kaka yangu wa Ariwara wengine mnamjua, alirudi na jerikeni. Mnawakumbuka OPEC boys hapa mjini, wale wa kuuza petroli ya magendo kando ya barabara? Ile biashara walijifunzia ukimbizini, Zaire na Sudan, wakajua njia, wakajua askari gani wa mpaka anakula nini, waliporudi nyumbani wakakuta hakuna kazi wala kituo cha mafuta cha maana, wakaendelea. Mpaka wanasiasa wakawa wanawabembeleza wakati wa uchaguzi. Sisemi magendo ni mazuri, kodi ni kodi na moto uliwachoma wengine, lakini mkiniuliza uhamaji ulileta maendeleo gani Arua siwezi kuanzia kwenye ripoti ya wizara nikaruka jerikeni. Ripoti ilijengwa na watu waliotulia mahali pamoja, mji huu ulijengwa na watu ambao hawakutulia.

Wenzetu wa Oxford, kina Alexander Betts, walifanya utafiti hapa Uganda wakautoa 2014, Nakivale, Kyangwali na Kampala, wakakuta kwamba Kampala asilimia 21 ya wakimbizi wana biashara inayoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 ni raia wa Uganda. Dunia ikashangaa. Mimi nilicheka kidogo, siyo kwa dharau, kazi ilikuwa nzuri na namba zilihitajika. Ila ningewaonyesha yule mama wa daftari wasingeshangaa hata.

Halafu ikaja 2016. Agosti wamefungua Bidi Bidi kule Yumbe, makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini, na kufika Desemba ilikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu, porini palepale. Nani alitoa ile ardhi? Hii siyo ya serikali kama Nakivale, huku ardhi ni ya koo, na wazee wengi walioitoa walikuwa wenyewe wakimbizi Sudan miaka ya themanini. Nilimuuliza mzee mmoja Yumbe kwa nini, akasema wale walitupa kiwanja sisi, lakini pia tulitaka barabara na kisima. Naipenda hiyo jibu kwa sababu ina vyote viwili. Wageni wa mikutano wanapenda nusu ya kwanza tu, ukarimu wa Kiafrika, wanapiga makofi wanapanda ndege. Sheria yetu ya 2006 ni nzuri, mkimbizi ana haki ya kufanya kazi na kutembea, hilo najivunia, lakini kiwanja cha mita 30 kwa 30 juu ya mawe hakiwezi kulisha nyumba, na tukiandika kwamba watu wanajitegemea tuandike vilevile kwamba wanajitegemea kwa kuondoka pale. Kijana mmoja anaenda Koboko kwa boda, mwingine anarudi Sudan Kusini kuvuna, msichana yuko Kampala kwa watu. Kaya imekatwa vipande ili iishi.

Sasa 2018 wakahakiki kwa alama za vidole na macho, ile namba ya watu milioni 1.4 ikashuka ikawa kama milioni 1.1. Magazeti yakaandika wakimbizi hewa. Na wizi ulikuwepo, nisitetee mwizi, mtu aliyekula posho ya majina ya uongo ajibu mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nawaza wale walioko Koboko siku ile, walioko shambani ng'ambo, nani aliandikwa hewa wakati ana ukurasa wake kwenye daftari la mtu. Kwenye mkutano mmoja nikalisema, afisa mmoja akanijibu, Dakta, mfumo hauwezi kuhesabu mtu asiyekuwepo. Alikuwa na haki. Mfumo hauwezi. Mimi nililipwa miaka yote hiyo kusema kwamba unapaswa kuweza, na sikuwahi kuandika kisanduku ambacho kingefanya hiyo kazi kwenye kompyuta yake. Hilo ni deni langu, si la kwake.

Ile posho nayo mnajua ilivyokatwa, ikakatwa tena, 2023 wakawagawa watu mafungu kwa kiwango cha shida, na 2025 watu kama milioni moja wakaondolewa kabisa kwa kukosa pesa za wafadhili. Tangu hapo nimewaona wale wenye kurasa nyingi wakikonda polepole, na wale wasiokuwa na ndugu nje wakikonda haraka.

Naona muda. Niseme juu ya pesa za utafiti halafu nimalize. Novemba 2015 Wazungu walikutana Valletta, Malta, wakaunda mfuko wa kushughulikia eti mizizi ya uhamaji Afrika. Ghafla kila tangazo la utafiti likawa linauliza kitu kimoja, tufanye nini vijana wasiondoke? Nami nikaandika maombi hivyo hivyo, nisiwadanganye, nilikuwa na wanafunzi wa kuwalipa. Huku najua, na wao wakitaka wangejua, maana Mholanzi Hein de Haas na Mmarekani Michael Clemens walishaonyesha kwa namba kwamba nchi maskini ikianza kuinuka watu wake huwa wanaondoka zaidi, siyo pungufu, maana sasa wana nauli na wana cheti na wameona kwenye simu. Ukijenga shule Maracha usishangae mwanafunzi wako kumkuta Dubai. Sisi tuna neno letu la kazi za ng'ambo, kyeyo, fagio kwa Kiganda, na nyumba ngapi za mabati mapya hapa zimejengwa na fagio? Na machozi pia. Serikali ilisimamisha kupeleka wasichana wa kazi za ndani Saudia mwanzoni mwa 2016 kwa sababu ya mateso, ikafungua tena mwaka uliofuata, na katikati hapo mpwa wangu mwenyewe alishaliwa milioni mbili na wakala mmoja, pasipoti akanyang'anywa, tukampata kwa shida. Leo yuko Jinja anauza chapati, na ana mpango wa kwenda tena. Nimemkataza. Ananiambia shangazi, wewe si ndo unaandika kwamba watu watembee?

Mei 2024 ile sensa ilipita hapa mtaani. Kijana akaja kwangu na tableti, mpole sana, mwanafunzi kama nyie. Nikampa kiti. Akaniuliza, mama, usiku wa kuamkia siku ya sensa walilala wangapi hapa? Nikamwambia wanne. Akachungulia ndani, kitanda kimoja. Akauliza tena, kwa ile sauti, naijua mimi ile sauti, nimeifundisha. Nikamwambia mmoja yuko Juba, mmoja Kampala, mmoja Dubai. Akasema mama, tableti inataka waliolala. Nikamwambia basi mwanangu andika mmoja. Akaandika. Nikamletea chai, tukiwa tunakunywa simu yangu ikalia, ujumbe wa pesa, ni yule wa Dubai. Kijana akacheka akasema, huyo naye hakulala hapa. Nikamwambia hapana hakulala, lakini sukari unayokoroga ni yake.

Haya, nani anaanza kuuliza? Wewe wa nyuma mwenye shati la bluu, simama.